Ratiba ya ligi: nani hupangiwa mteremko?

Kila msimu mpya mashabiki hulalama kwamba ratiba ya Ligi Kuu ya Kenya imependelea fulani. Mimi kazi yangu ni kuandika programu, kwa hivyo badala ya kubishana nilikaa na Python wikendi moja nikajipangia ratiba yangu.

Hesabu ni hivi. Timu ni 18, kila moja hukutana na nyingine mara mbili, nyumbani na ugenini. Hizo ni mechi 34 kwa timu, 306 kwa msimu. Njia ya kale ni ya duara: timu moja inabaki mahali pake, zile 17 zinasogea nafasi moja kila raundi. Baada ya raundi 17 kila timu imekutana na zote. Programu yake ni fupi mno.

Lakini tazama kilichojificha humo. Katika duara, anayecheza nawe leo karibu kila mara raundi ijayo atacheza na jirani yako yule yule. Sema Gor Mahia iko mbele yangu: kila mara nitapata wapinzani waliotoka kuhangaishwa na Gor, wamechoka, pengine mmoja ana kadi nyekundu. Ninavuna nisipopanda! Hakuna aliyehongwa, ni duara tu.

Dawa rahisi ni kuchanganya mpangilio wa raundi. Nilichanganya, tatizo hilo likapungua, likazuka jingine: timu kupangiwa safari tatu mfululizo. Kwa Bandari ya Mombasa, ambayo Nairobi pekee ni kama kilomita 480, hiyo ni pesa ya basi, malazi na chakula.

Je, kila timu haiwezi kupishana nyumbani na ugenini bila kukosa? Haiwezi. Mtindo huo una sura mbili tu: kuanza nyumbani au kuanza ugenini. Timu mbili zenye sura moja hazikutani kamwe, kwa kuwa zote huwa nyumbani siku moja. Basi katika raundi 17 za kwanza, timu 2 tu ndizo zinaweza kupishana sawasawa. Zile 16 lazima zivunje mtindo angalau mara moja. Hakuna kompyuta ya kushinda hesabu hiyo.

Kwa hivyo haki kamili haipo, kuna kugawana maumivu tu. Katika programu yangu kila kero ina pointi zake za adhabu, na kompyuta hutafuta ratiba yenye jumla ndogo. Pointi hizo nilizichagua mimi. Lakini kwenye ligi halisi timu ikishuka daraja kwa pointi moja, watu hupoteza riziki. Uzito huo usiamuliwe na mtu mmoja na laptopu yake. Vilabu vikubaliane kwanza, vitangaze, kisha vichote nafasi kwa kura hadharani. Kompyuta ifuate nyuma.

Lawama hazitakwisha, lakini angalau mwenye kulalama atajua analalamikia nini. Haya, tuonane tena!