Kutoka Mandewa Kuulizia Mgongo wa Mama

Kiti cha basi ndicho kilichomtesa mama. Miaka yote ya kuinamia vitunguu na alizeti imemwachia kiuno kisichovumilia kukaa, na tulipofika Ikungi alikuwa keshasimama, mkono mmoja kwenye bomba la juu, kanga imekazwa kiunoni. Konda akamwomba akae. "Mwache, anaumwa kiuno," abiria mmoja akamjibu.

Hakuwahi kuvuka Manyoni. Mteremko wa Saranda aliutazama kimya. Mashamba ya mpunga ya Bahi yakamfungua mdomo. Dodoma tukapanda treni ya SGR, iliyoanza kubeba abiria hadi huko mwaka 2024, na humo akatembea behewani hadi Dar es Salaam. Kwa mgonjwa wa mgongo, nafasi ya kunyoosha miguu ni dawa.

Rufaa ya hospitali ya mkoa wa Singida, iliyopo hapo hapo kwetu Mandewa, ilitufikisha MOI, taasisi ya mifupa iliyoko Muhimbili. Mama alikuwa amesikia kwamba neva zikichomwa maumivu hukoma. Daktari akachukua mfano wa uti wa mgongo, akamwonyesha viungo vidogo nyuma ya pingili. Neva nyembamba za hapo ndizo zinazochomwa: sindano huwekwa kando yake, ncha ikapashwa moto kwa mawimbi ya redio hadi nyuzi 80 hivi, kwa dakika moja au zaidi kidogo. Kwanza hujaribiwa ganzi. Maumivu yasipopungua, chanzo hakiko hapo na hakuna haja ya kuchoma.

"Na mwakani je, daktari?"

Nilifurahi sana mama alivyouliza hivyo, maana mkulima haponi kwa wiki moja. Daktari hakumficha: neva huota tena. Anayepata nafuu huipata kwa miezi sita hadi mwaka, wengine zaidi, kisha huweza kurudia. Nimesoma tangu hapo. Utafiti mdogo wa Marekani wa mwaka 2000, wa wagonjwa 15 waliochujwa vizuri kwa ganzi, uliona asilimia 60 hivi wakiwa wamepungukiwa na maumivu kwa angalau asilimia 90 baada ya mwaka. Ule mkubwa wa Uholanzi, wa 2017, haukuona faida ya maana ya kuongeza kuchoma kwenye mazoezi, kuliko mazoezi peke yake. Mimi naona kumchagua mgonjwa ndiyo kazi yenyewe, na mazoezi hayakwepeki hata neva ikichomwa.

Tukakubaliana aanze mazoezi ya viungo Mandewa, ganzi ifuate yakishindwa. Mama akaonyesha kwa mikono jinsi mpini wa jembe lake ulivyo mfupi. "Tafuta mrefu, mama," daktari akamwambia, "na ndoo ya lita 20 uigawe mara mbili. Palizi ikiisha, uje unieleze mgongo umekwendaje."