Kutembea kwa Miguu Katika Mji wa Bagamoyo

Wazungu wanayo desturi moja ambayo sisi twaiona kuwa njema. Mtu wao afikapo katika mji wa kale, hata ukiwa ni mji wa babu zake mwenyewe, huiacha motokaa nje ya mji akaingia kwa miguu, akapita vichochoro polepole, akasimama penye kila mlango, akauliza: nani alijenga hapa, na kwa mali ipi? Hufanya hivyo Lisbon, hufanya hivyo Toledo, na wengine huja kufanya hivyo kwetu. Sisi wenyewe tulio wenyeji hupita mbio, kana kwamba mawe hayo hayatuhusu.

Basi, msomaji mtukufu, mwaka tulioalikwa harusini Bagamoyo tuliazimu kuishika desturi hiyo. Kutoka Keza, wilayani Ngara, hadi huko ni safari ya kuikata nchi nzima: Kahama, Nzega, Singida, Dodoma, Morogoro, kisha Chalinze na Msata, ndipo iwapo bahari. Kwa basi, pamoja na kulala njiani, ni siku mbili. Misafara ya zamani ilichukua kadiri ya miezi mitatu kutoka pwani hadi Tabora tu. Harusi ilipokwisha tukawaomba wenyeji wetu siku tatu, nao wakatupa kijana wao mmoja atuongoze.

Yalikuwapo makusudio mengine. Katika madrasa yetu, tunapofundisha namna Uislamu ulivyofika bara, husema kwamba waliuleta wafanya biashara wa pwani waliopita njia ya Tabora na Ujiji, na kwamba tawi moja la njia hiyo lilipanda hadi Karagwe, jirani zetu, ambako walikuwa na kituo chao mahali paitwapo Kafuro. Siku moja binti wa miaka 12 akatuuliza, "Maalim, hao waliotuletea dini ndio hao hao waliouza watu?" Tukamwambia kuwa ndio, baadhi yao. Akauliza tena, "Na walikuwa wakisali?" Tukamjibu kuwa walikuwa wakisali. Somo liliendelea, lakini swali hilo tulikwenda nalo safari.

Siku ya kwanza tulianzia mahali ambapo misafara ilikuwa ikifikia, nyumba yenye ua mpana iliyokuwa kituo cha wapagazi. Hapo kijana wetu alitueleza maana ya jina la mji, nasi twalijua neno hilo lina maana mbili zinazogombana. Wapo wasemao ni "bwaga moyo", yaani mpagazi aliyechukua mzigo kutoka Unyanyembe amefika baharini, autue mzigo na moyo wake upumzike. Wapo wasemao ni kilio cha mtumwa: uache moyo wako hapa, maana ng'ambo ya maji hutarudi. Wageni wengi huipenda maana ya pili kwa kuwa yahuzunisha. Sisi twadhani maana ya kwanza ina nguvu zaidi, kwani wengi wa waliobeba pembe katika njia ile walikuwa Wanyamwezi, watu huru, wenye ujira wao, kila mmoja na mzigo wa kama frasila mbili begani. Na bandari kuu ya kupelekea watumwa Unguja haikuwa Bagamoyo bali Kilwa. Lakini hatusemi hayo ili kuusafisha mji. Watumwa walipita hapa, na wengine walibaki hapa hapa katika mashamba na majumba.

Ukiingia ndani ya mji, barabara ya zamani waliyoiita ya Wahindi inakupokea kwa majumba ya mawe ya matumbawe na chokaa, dari zake za boriti za mikoko, milango yake imechongwa maua na minyororo. Baadhi ya majumba yamesimama, baadhi yamebaki kuta na mti umeota sebuleni. Hapa alifanya biashara Sewa Haji Paroo, Mhindi wa Kiismailia, aliyewatayarishia Wazungu misafara yao: vitambaa, shanga, waya, na wapagazi wenyewe. Alitajirika sana, kisha akatoa mali yake kwa hospitali na shule, na alikufa mwaka 1897. Katika hospitali ya Muhimbili jina lake limebaki. Twataja habari hii kwa sababu wapitao hutazama milango tu.

Mbele kidogo ipo Ngome Kongwe, iliyojengwa na tajiri wa Kiarabu yapata mwaka 1860. Wajerumani waliifanya kambi ya askari, na baadaye ikawa mikononi mwa polisi kwa miaka mingi. Watu husimulia kuwa ndani mna njia ya chini ya ardhi ambayo watumwa walipitishwa hadi majini. Sisi tulionyeshwa ukuta tu. Katika miji ya kale, twaona, msimulizi naye hujenga ghorofa yake juu ya ghorofa ya mwashi.

Kisha Boma la Wajerumani la mwaka 1897, lenye ukingo wa juu uliochongwa meno kama ngome ya Ulaya. Hapo ndipo mtu aweza kudhani yu katika mji wa kale wa Kizungu, kama si minazi. Wajerumani, ambao wazee wa pwani waliwaita Wadachi, walifika na kampuni yao mwaka 1888, wakataka kutoza ushuru na kupandisha bendera. Abushiri bin Salim al-Harthi wa Pangani na Bwana Heri wa Saadani wakawapinga, na pwani yote ikawaka moto. Mwaka 1889 Wissmann akaletwa na askari wengi wa kigeni. Abushiri akanyongwa Pangani mwezi wa Desemba mwaka huo huo. Bagamoyo ilikuwa makao makuu ya utawala wao hadi 1891, walipohamia Dar es Salaam kwa ajili ya bandari iliyo na kina. Karibu na bahari pana mahali palipoandikwa kuwa ndipo waliponyongewa waliowapinga, na si mbali nao wamelala Wajerumani wenyewe, makaburi yapata 20, yamepangwa sawasawa.

Liko jambo moja la mji huu ambalo wasomaji wetu wa Kagera watapenda kulijua. Tarehe 4 Desemba 1889 palifanywa karamu hapa kumpokea Stanley pamoja na Emin Pasha, waliokuwa wametoka bara. Emin, ambaye macho yake yalikuwa mabovu, akaanguka kutoka ghorofani usiku ule akavunjika fuvu la kichwa. Alipona, na mwaka uliofuata akarudi bara kwa ajili ya Wajerumani, akaanzisha kituo cha Bukoba. Basi mji mkuu wa mkoa wetu ulianzishwa na mtu aliyenusurika kufa kwa kuanguka Bagamoyo. Jina lake la kuzaliwa lilikuwa Eduard Schnitzer. La Emin alilichukua baadaye. Aliuawa Kongo mwaka 1892.

Misheni ya Wakatoliki, iliyoanzishwa mwaka 1868, tuliipita asubuhi ya siku ya pili. Mapadri walikomboa watumwa wakawajengea kijiji, na twasema haki: jambo hilo walilifanya. Hapa pia maiti ya Livingstone ililazwa usiku mmoja, Februari 1874, baada ya kina Susi na Chuma na wenzao kuichukua kwa miguu miezi mingi kutoka alikofia. Katika ua mna mbuyu uliomeza mnyororo wa chuma. Mgeni mmoja mbele yetu alianza kulia, akidhani ni mnyororo wa watumwa. Kijana wetu akamweleza taratibu kuwa bibi mmoja wa Kifaransa alikuwa akifungia punda wake.

Kutoka hapo tukaenda Kaole, upande wa kusini, mwendo wa saa nzima na zaidi kwa mguu wa mtu mzima kama sisi. Huko ipo misikiti iliyobomoka na makaburi yenye nguzo ndefu, na msikiti wa zamani zaidi ni wa karne ya 13. Tulisimama mbele ya kibla chake, tukahesabu. Mawe haya yalipopangwa, Mreno alikuwa hajaiona pwani hii, na biashara kubwa ya pembe na watumwa ya karne ya 19 ilikuwa bado miaka 600. Kwa hiyo asemaye kuwa Uislamu ulikuja nchini mwetu ndani ya mnyororo wa mtumwa, hakufika Kaole. Bara ulifika baadaye, tena pamoja na biashara ile. Hilo nalo hatuwezi kulikana.

Usiku ule tulilala tukilifikiri swali la binti yetu. Twajua sote yaliyomo katika Qur'ani. Katika Surat al-Balad, sura iliyopewa jina la mji, kumwacha mtu huru kumetajwa kuwa ni katika ile njia ngumu ya kupanda. Katika Surat at-Tawba wamewekewa fungu la zaka wale wanaokombolewa. Kumteka mtu huru na kumwuza ni haramu, na Mtume (S.A.W.) ameonya kwa ukali juu yake. Lakini sisi walimu tusijifiche nyuma ya aya. Wale waliozijua aya hizi, wakazisoma kwa sauti nzuri alfajiri, baadhi yao ndio waliosimama penye hesabu ya watu mchana. Utumwa haukukoma kisheria katika Tanganyika ila mwaka 1922, na sheria hiyo ilitoka kwa Waingereza. Mtoto anayeuliza habari hii hana haja ya kunyamazishwa.

Siku ya tatu tuliuliza habari za Sheikh Ramiya, na hapo ndipo safari yetu ilipopata faida yake kubwa. Jina lake lilikuwa Yahya bin Abdallah. Alizaliwa Manyema, ng'ambo ya ziwa Tanganyika, katika nchi ya Kongo. Alitekwa angali mtoto mdogo, akaletwa pwani, akawa mtumwa katika nyumba ya Amir bin Suleiman al-Lamki, mtu mkubwa wa Bagamoyo. Katika nyumba hiyo akasoma. Alipokuwa mtu mzima akafanya biashara, akapata minazi, na juu ya yote akawa mwanachuoni, kisha khalifa wa tariqa ya Qadiriyya. Mji ule ule uliompokea kama mzigo ukaja kukaa chini mbele yake na kufunua vitabu. Alifariki mwaka 1931, Mwenyezi Mungu amrehemu, na mwanawe Sheikh Muhammad akashika nafasi yake.

Msomaji wa pwani huenda akaijua habari hii tangu utotoni akaiona ni ya kawaida. Kwetu sisi si ya kawaida. Watu wa bara waliitwa washenzi katika mji huu, na mwungwana alikuwa yule aliyeweza kutaja nasaba yake mpaka ng'ambo ya bahari. Hata katika siku zetu, katika hadhara moja, mtu ambaye hatutamtaja alisema mbele yetu kwamba elimu ya mwalimu wa bara ni ya kuazima, na kwamba haifai atangulizwe wakati wapo watu wa pwani. Tulinyamaza siku ile kwa adabu ya mahali. Leo twamkumbusha kwa upole kwamba katika Bagamoyo yenyewe, penye ukingo wa bahari, watu walikwenda kusoma kwa mtoto wa Manyema, na tariqa aliyoishika ilienea Tabora na Ujiji kwa njia ile ile ya misafara.

Habari hiyo ndiyo tuliyomchukulia yule binti, pamoja na makaburi ya Kaole na hesabu ya miaka yake. Hatukumwambia kwamba elimu ya Sheikh inafuta kosa la waliomteka. Haifuti. Aliipata elimu ndani ya dhuluma, na dhuluma ilibaki kuwa dhuluma.

Kabla ya kuondoka tulikaa barazani kwa mzee mmoja wa mji, mwenye tasbihi mkononi. Akatuuliza twatoka wapi. Tukamwambia twatoka Ngara, mpakani mwa Rwanda na Burundi. Akatikisa kichwa, akasema, "Mbali sana, Maalim." Tukamjibu kuwa Manyema alikotoka Sheikh ni mbali zaidi, na ziwa lipo katikati. Mzee akanyamaza kidogo, akavuta punje mbili tatu za tasbihi.

"Na yeye alikuja kwa miguu," akasema. "Mtoto!"

Adhana ya adhuhuri ikaadhiniwa, tukamshika mkono, tukateremka naye ngazi polepole kwenda msikitini.