Sisi Tukifunga, Wao Wakikosa

Kuna ubishi ulianza Jumapili kwenye kibanda umiza kimoja cha Ngamiani, ukatufuata mpaka hosteli na mpaka leo haujaisha. Nauleta hapa maana kule nilizidiwa kelele.

Mchezaji mweusi wa timu yetu (ndiyo, Arsenal, cheka tu) alikosa goli la wazi. Jamaa wa benchi la nyuma akaropoka: "Nyani huyo, mtoeni!" Watu wakacheka. Jamaa mwenyewe mweusi tii kama mimi. Nikamuuliza, kaka, umesemaje? Eti utani tu, sisi kwa sisi.

Haya. Mnaikumbuka Julai 11, 2021? Fainali ya Ulaya, Wembley, Uingereza na Italia 1-1, zikaja penalti. Rashford, Sancho na Saka wakakosa, Italia wakabeba kombe kwa 3-2. Saka alikuwa na miaka 19. Usiku uleule kurasa zao zikajaa matusi ya rangi na vipicha vya nyani. Mwezi mzima walikuwa vijana wa nyumbani, mpira mmoja tu wakageuzwa wageni. Sasa neno walilotukanwa nalo ndilo hilohilo la utani wetu wa Ngamiani.

Mwenzangu wa chumbani, Msambaa wa Lushoto asiyependa mpira kivile, anasema tunajipendekeza. Waingereza wamalizane wenyewe, sisi kwao ni wapita njia. Akanitolea mfano wa Samatta, na hapo kidogo alinibana. Januari 2020 Mbwana Samatta alipotoka Genk kwenda Aston Villa, Mtanzania wa kwanza kucheza Ligi Kuu ya Uingereza, nusu ya nchi ilihamia Birmingham bila viza. Kurasa za Villa zilijaa Kiswahili mpaka raha. Februari 1 akawafunga Bournemouth, Machi 1 akatupia kichwa kwenye fainali ya Kombe la Ligi dhidi ya Man City, ingawa Villa walilala 2-1. Septemba akapelekwa Fenerbahçe kwa mkopo, na sisi huyoo, tukahama naye.

Sawa, kwa Villa tulikuwa wageni. Lakini mtu anayelipia kibanda kila wiki miaka kumi, akalala na njaa kwa sababu ya Arsenal, utamwitaje mpita njia? Mimi huyo ni shabiki kamili, na Saka akitukanwa rangi na yeye katukanwa.

Halafu tusijifanye ni mambo ya Wazungu tu. Enzi za mkoloni michezo iligawanywa kwa rangi hapahapa: Wazungu na klabu zao, Wahindi zao, Waafrika zao. Majina kama Young Africans ya 1935, na African Sports yetu hapa Tanga, yanatoka enzi hizo. Leo Mkwakwani anakaa Mdigo, Mbondei, Mwarabu na Mhindi jukwaa moja, mnagombania korosho.

Ila mwaka jana kwenye ndondo moja ya mtaani nilimsikia dogo wa asili ya Kiarabu, kazaliwa Chumbageni, Kidigo anakiongea kuliko mimi, akipoteza mpira mara mbili. Upande wa mashabiki wake mwenyewe wakaanza: "Rudi Oman! Rudi Oman!" Dogo akainamisha kichwa, akaendelea kukimbia. Dakika za mwisho akafunga. Walewale ndio walikuwa wa kwanza kuingia uwanjani kumbeba.

Hakucheka.