Kupanga mazoezi ya kinga wakati kinga ndiyo kazi

Tangu Septemba 28, 2025, siku Tadej Pogačar alipopata ubingwa wa dunia pale Kigali, kilometa 267 na nusu za kupanda na kushuka, vijana wa mtaa wetu hapa Lubumbashi hawaniulizi tena habari za mpira. Wananiuliza: "Yaya, mtu anajifundisha namna gani mpaka kufika pale?"

Tuko watu saba, tunaendesha pamoja kila siku ya yenga. Tunataka kufika Likasi kwa siku moja, kilometa kama 120, katika mwezi wa sita, wakati wa baridi, mvua haiko.

Wengi wanafikiri mazoezi ni kukaza kila siku mpaka kifua kiwake moto. Hapana. Wafundishaji wa mbio ndefu wanaweka sehemu kubwa, kama mara nane kwa kumi, katika mwendo mwepesi: ule ambao unaongea na mwenzako maneno mazima bila kukata pumzi. Moyo unajifunza kazi, mwili unazoea kutumia mafuta yake, na kesho yake miguu ingali mizima. Mara moja ao mbili kwa juma ndipo unakaza: dakika nane kwa nguvu, dakika nne polepole, mara nne. Majuma matatu unaongeza kidogo kidogo, la ine unapunguza, kwa sababu nguvu zinajengeka wakati wa kupumzika.

Kwa mtu anayekaa ofisini, mpango huu ni rahisi. Lakini mmoja wetu anabeba makala. Siku tano kwa juma anatoka porini na mifuko mine juu ya kinga, na kwenye vilima anaisukuma kwa miguu. Juu ya hayo alikuwa anaongeza mazoezi yetu magumu. Katika mwezi wa tatu alikonda, usingizi ukakimbia, asubuhi moyo wake ulipiga mbio angali kitandani. Bibi yake alinifuata nyumbani: "Papa wa redio, bwana yangu anasinzia na bukari mkononi. Akianguka, watoto watakula nini?"

Basi tulihesabu upya. Siku ya makala ni siku ngumu, imekwisha, hakuna kuongeza kitu. Yeye anabaki na safari moja ndefu tu, siku ya yenga, kinga tupu, mwendo mwepesi: tulianza na kilometa 40, tukaongeza kumi kila mara, ila juma la kupumzika.

Hilo juma la kupumzika ndilo lilileta mabishano. "Yaya, nikibeba mifuko miwili, nani atanilipa ile mingine?" Swali la haki. Jibu lilitoka sokoni, si katika vitabu: watu wa mshahara wananunua makala mwisho wa mwezi na mwanzo wake, lakini katikati mifuko inalala. Juma lake jepesi tukaliweka pale, ambapo hasara ni ndogo. Haikukosa kabisa, lakini bibi yake alikubali.

Chakula vilevile kina hesabu. Katika safari ndefu mwili unaomba gramu 30 mpaka 60 za wanga kwa saa. Ndizi mbivu mbili zinatosha kufika hapo, na munkoyo wenye sukari na chumvi kidogo unasaidia. Kula mbele njaa haijakushika. Majuma mawili ya mwisho tutakata kilometa karibu nusu, tukiacha mikazo michache ili miguu isisahau.

Yenga iliyopita tulifika kilometa 90. Njia nzima yeye alinisimulia bei ya mfuko wa makala, bila kukata pumzi. Mimi kwenye kilima cha mwisho sikuweza kumjibu.