Waya Uliovuka Ua wa Mwalimu

Haya basi, leo siandiki kuhusu programu. Naandika kuhusu waya. Mita 40 hivi za waya, kutoka chumbani kwangu hapa Kiamunyi, juu ya ua wa kayaba, mpaka sebuleni kwa jirani yetu, mwalimu mstaafu. Mmewahi kuniuliza kama mtu anaweza kuunganisha mitandao ya tarakilishi ya nyumba mbili. Anaweza. Lakini tafadhali nisomeni mpaka mwisho kabla ya kukimbia dukani!

Nilikuwa nimerudi kuishi kwa mama, nikifanyia kazi nyumbani, nikiandika programu za kampuni moja ya Nairobi. Mwalimu naye alikuwa na tarakilishi ya mezani ambamo kwa miaka sita alikuwa akiandika historia ya ukoo wao: nani alizaliwa wapi, nani alihamia Molo, nani alizikwa Subukia. Siku moja nikamuuliza, "Mwalimu, nakala ya kazi hii umeiweka wapi?" Akanitazama kana kwamba nimemuuliza nyumba yake ya pili iko wapi.

Basi nikapata wazo. Kila usiku nakala ya faili zake ije kwenye diski yangu, na yangu iende kwake. Mwizi akiingia kwangu, kwake hajaingia. Na intaneti haihitajiki hata kidogo! Waya wa kawaida wa mtandao hupitisha megabiti 1000 kwa sekunde, mradi usizidi mita 100. Wi-Fi nilikuwa nimeijaribu kwanza, lakini kuta za mawe na tangi la maji la Mwalimu viliimaliza.

Sasa sikilizeni kosa la kwanza. Rauta nyingi za nyumbani hutoka kiwandani zikiwa na anwani zinazofanana. Yangu ilijiita 192.168.1.1, ya Mwalimu pia ilijiita 192.168.1.1. Si ajabu. Katika miaka ya 1990 wataalamu wa intaneti walitenga mafungu matatu ya anwani za matumizi ya ndani: zinazoanza na 10, zile za 172.16 hadi 172.31, na zile za 192.168. Mtu yeyote duniani anaweza kuzitumia nyumbani kwake bila kuomba ruhusa, kwa kuwa hazitoki nje. Shida huanza nyumba mbili zinapokutana. Ni kama vijiji viwili vyenye nyumba namba moja, na mpeleka barua ni mmoja.

Mimi, na digrii yangu ya sayansi ya tarakilishi, nikachukua njia ya mkato. Nikabadilisha anwani ya rauta yake, nikaizima isigawe anwani, nikachomeka swichi kwa swichi. Nyumba mbili zikawa mtandao mmoja. Nakala zikaanza kwenda. Nikajipongeza. Sikujali hata nilipoona simu za wageni wa Mwalimu zinatokea intaneti kupitia kwangu.

Wiki chache baadaye nikapokea barua pepe kutoka kazini. Kampuni ilikuwa inapunguza watu, na mimi nilikuwa mmoja wao. Nikaamua kuichapisha niisome kwa utulivu, maana mama alikuwa jikoni na sikuwa nimemwambia neno. Nikabonyeza. Printa yangu ikakaa kimya. Nikabonyeza tena. Kimya.

Jioni Mwalimu akaja langoni. Hakuingia. Akanipa bahasha ya kaki iliyofungwa, akasema, "Kijana, hii ni yako," akaniuliza habari za mama, akaenda zake. Ndani mlikuwa na barua yangu, nakala mbili, zimekunjwa vizuri. Printa zetu zilikuwa za aina moja, na tarakilishi yangu ilikuwa imechagua ya kwake.

Usiku huo sikulala. Si kwa ajili ya kazi tu. Nilijiuliza: kama barua yangu imefika kwake, ya kwake ni mangapi yanayoweza kufika kwangu? Nikatazama. Folda yake nzima ilikuwa wazi: stakabadhi za hospitali, karatasi za shamba, kila kitu. Sikuifungua faili hata moja, lakini niliona majina yake, na hayo tu yalitosha kunitia aibu. Mtu alinifungulia lango apitishe waya, nami nikaiacha milango yake yote wazi.

Asubuhi nikaanza upya. Nyumba yangu nikaipa anwani za 192.168.10, yake 192.168.20. Katikati nikaweka rauta ndogo, na kila upande ukaambiwa: ukitafuta jirani, pitia hapa. Kisha nikaweka ukuta wa moto wenye sheria fupi sana. Nakala za usiku zipite, kingine chochote kisipite. Matangazo ya printa hayavuki rauta, hivyo printa zikaacha kuonana. Na faili zikawa zinafungwa kwa ufunguo wa siri kabla hazijavuka ua, ili hata mimi mwenye diski nisiweze kuzisoma. Intaneti nayo kila mtu akabaki na yake.

Nilidhani nimemaliza. Ukaja Aprili.

Anayeijua Nakuru anajua mvua ya masika inavyoshuka kutoka Menengai alasiri. Radi ilipiga mahali karibu, si kwetu, na hilo lilitosha. Waya mrefu wa shaba ulio hewani hupokea nguvu za radi bila kuguswa. Isitoshe, kila nyumba ina waya wake wa ardhi, na radi ikipiga, ardhi ya nyumba moja haiwi na nguvu sawa na ya nyingine. Tofauti hiyo hutafuta njia, nami nilikuwa nimeitandikia. Swichi mbili zikaungua, pamoja na tarakilishi ya Mwalimu.

Waya wangu ndio ulioiua tarakilishi yake. Waya huohuo ndio uliokuwa umeleta nakala ya ukoo mzima kwangu usiku uliotangulia. Sijui nijihesabie vipi.

Nilikwenda kwake kuahidi kulipa. Akasikiliza mpaka nikamaliza, kisha akasema, "Utalipa ukipata kazi." Hapo nikajua kwamba aliisoma ile barua, na kwamba kwa miezi yote ile alikuwa amenitunzia siri. Jioni hiyohiyo nilimwambia mama.

Leo kati yetu kuna waya wa faiba. Hupitisha mwanga ndani ya kioo, si umeme, kwa hiyo radi haina pa kupita. Nilichagua ule usio na uzi wa chuma, na kila upande una kisanduku cha kugeuza mwanga kuwa ishara za umeme. Tarakilishi ya Mwalimu nililipa kidogo kidogo, ikaisha.

Wenzetu wamekwenda mbali zaidi. Huko Kibera, TunapandaNET imeunganisha shule na vituo vya vijana. Catalonia, Uhispania, guifi.net ilianza 2004 kwa wanavijiji kuunganishana wenyewe. Kwa hapa kwetu, ukitaka kuuzia mtaa intaneti, hilo si jambo la ua tena: mwaka 2021 Mamlaka ya Mawasiliano ilitoa utaratibu wa leseni kwa mitandao ya jamii. Usome kwanza.

Lakini kama ni wewe na jirani tu: tenganisheni anwani, fungeni milango, na shaba isivuke ua. Na kabla ya yote hayo, jiulize kama jirani mwenyewe ni mtu wa kumrudishia mtu barua yake ndani ya bahasha.