Dole Gumba la Anniston

Tulitoka Dallas saa nane za usiku, mimi na shemeji yangu, na kabla hatujafika Shreveport tulikuwa tushagombana juu ya bunduki ambayo hata sijainunua.

"Kwani shemeji, wewe wataka bunduki au wataka picha ya baba yako?" aliniuliza, macho yake yako barabarani.

Alinipata. Nimelelewa katika laini za polisi Mombasa. Baba alipokuwa akitoka zamu, sisi watoto tulimkimbilia kandokando mpaka mlango wa ghala, macho yetu yote kwenye G3 iliyoning'inia begani mwake. Hatukuruhusiwa kuigusa. Bunduki ile, ya Kijerumani, ndiyo niliyoijua kwa jina kabla sijajua kusoma. Sasa hapa Marekani kuna kiwanda kinachotengeneza nakala yake ya kiraia, PTR 91, isiyo na swichi ya kumwaga risasi mfululizo: kila risasi lazima uvute kifyatulio upya. Nilikuwa nimeweka akiba kwa ajili yake miezi tisa.

Shemeji, mzaliwa wa Tanga na dereva wa lori, amekuwa akilenga shabaha kila mwezi kwa miaka kumi na moja. Nyuma ya gari alikuwa amefunga kwa kufuli masanduku matatu, bunduki zote tupu, risasi mbali. Sharti lake lilikuwa moja: nizifyatue zote tatu kwanza, kisha ndipo nifungue pochi. Mtu hachagui kiatu kwa kukitazama dirishani, alisema, na bunduki ya kaliba kubwa inauma kuliko kiatu.

Kaliba kubwa nayo ni nini? Risasi nyepesi ya .223, inayotumika katika bunduki nyingi za AR-15, kichwa chake kina uzito wa gramu nne hivi. Cha .308 kinakaribia kumi. Uzito huo ndio unaoifikisha mbali bila kusukumwa ovyo na upepo, na uzito huohuo ndio unaorudi begani mwako. Kuna pia dada yake mkubwa, .30-06, yenye ganda refu zaidi kwa milimita kumi na mbili. Bei zao hazipishani sana: risasi moja ni karibu dola nzima. Ukifyatua mia moja kwa asubuhi moja, umekula pesa ya sokoni ya juma zima. Ndiyo maana shemeji hukata pesa nusu kwa nusu, nusu bunduki, nusu risasi, na humcheka yeyote anayemaliza zote kwenye chuma.

Jackson tulikunywa kahawa. Birmingham nililala. Nilipoamka tulikuwa tunaupita uwanja mkubwa wa mbio za magari wa Talladega, na dakika chache baadaye tukaingia uwanja wa kulenga shabaha uliofunguliwa mwaka 2015 na CMP, shirika la kuwafundisha raia shabaha. Mizizi yake ni ya 1903, pale serikali ya Marekani ilipotaka vijana wajue kulenga kabla ya kuitwa vitani. Tangu 1996 linajitegemea kwa mujibu wa sheria. Kule hakuna kutembea kwenda kuhesabu matundu kwenye karatasi. Shabaha ni za kielektroniki, na kila risasi inaonekana papo hapo kwenye kioo kidogo kando yako. Aibu yako pia.

Miwani machoni, vizuia-kelele masikioni, bendera ya plastiki ndani ya chemba ili kila mtu aone kuwa bunduki yako haina kitu. Tukaanza na mpenzi wangu.

PTR ilinipiga teke ambalo sikulitarajia. Haitumii gesi kama wenzake. Bolti yake hucheleweshwa na rola mbili ndogo, kisha yote hurudi nyuma kwa kishindo, na kitako chake chembamba kikakita kwenye mfupa. Maganda yalitoka yamebonyea, yana mistari myeusi ya moshi, na moja liliruka likatua kwenye kofia ya mzee wa meza ya pili. Mzee aliliokota, akalitazama, akasema "G3" bila kugeuka. Risasi ishirini baadaye kioo changu kilikuwa kama mtu amemwaga choroko. Risasi zilipokwisha, bolti haikubaki wazi kuniambia. Nilivuta kifyatulio nikasikia "tik" tu. Nilimkumbuka baba, aliyeibeba miaka ishirini na zaidi bila kulalamika, na nikaelewa kwa nini bega lake la kulia lilikuwa chini kidogo.

Ya pili ilikuwa ya mtindo wa AR-10, uzao wa Eugene Stoner wa ArmaLite, miaka ya hamsini, kabla haijapunguzwa kuwa ile iliyozaa M16. Shemeji ameipachika darubini. Nyepesi, nyoofu, teke lake la kistaarabu. Risasi nane kati ya kumi ziliingia kwenye weusi, umbali wa yadi mia mbili, nami ndiyo kwanza naanza. Nitasema kweli hata kama inaniumbua: anayetaka kupiga shabaha tu, achukue hiyo, aende nyumbani. Kila kipuri chake kinapatikana, kila fundi anaijua.

Lakini kulikuwa na sanduku la tatu.

M1 Garand haina magazini ya kuchomoa. Risasi nane zimebanwa ndani ya klipu ya chuma, unaisukuma yote kutoka juu kwa dole gumba huku ubavu wa kiganja ukizuia mkono wa bolti. Ikishika, unaondoa mkono upesi, na bolti inajifunga yenyewe. Kilo nne na zaidi za mbao na chuma. Uzito huo hulimeza teke, likabaki kama mtu anayekusukuma msongamanoni. Hakuna darubini, ni tundu dogo nyuma na kijiti mbele. Nilipiga ya nane, klipu ikaruka na mlio wa kengele, "ting!", nikacheka peke yangu kama mwehu. Kioo kilionyesha tano tu kwenye weusi. Sikujali.

"Basi," shemeji akasema, "kesho tutalala njaa."

Asubuhi ya pili tulikuwa Anniston, kwenye duka la CMP. Hapo huuziwi kama si raia. Nilikuwa nimekula kiapo majira ya kuchipua, na pasipoti mpya ilikuwa mfukoni. Bunduki zimesimama safu kwa safu, zimerudi kutoka maghala ya majeshi, kila moja ina kikaratasi: kiwanda, daraja, na namba mbili za kupima mtutu ulivyolika, moja mdomoni, nyingine kooni. Namba ndogo ndiyo njema. Shemeji alinishawishi nichukue iliyofungwa mtutu mpya wa .308, ili tugawane risasi. Ushauri mzuri kabisa, nikaukataa. Nilichukua ya Springfield Armory ya mwaka 1943, mtutu wa .30-06, mbao zina kovu refu upande wa kushoto. Mwaka ule babu yangu alikuwa keya, askari wa jeshi la kikoloni la Waingereza, na bunduki yake ilikuwa ya kuvuta bolti kwa mkono kila risasi.

Nikitaka kujionyesha mjuzi, niliifungua, nikaibonyeza kwa dole gumba ili niifunge. Mkono wangu mwingine haukuwa umezuia kitu. Bolti ilikuja kama mlango wa matatu. Shemeji hakusema neno; alitoa plasta mfukoni. Alikuwa ameibeba tangu Dallas.

Fomu nilijaza kwa mkono wa kushoto. Wakanikagua kwa kompyuta, nikalipa zaidi ya dola elfu moja, nikatoka nayo imo ndani ya sanduku la plastiki.

Ukienda, ndugu msomaji, fika kabla mlango haujafunguliwa, kwani zenye namba ndogo huondoka mapema. Usiilishe risasi kali za kisasa za kuwindia, zinaweza kupinda fimbo yake ya bolti. Na uende na plasta yako mwenyewe. Ya shemeji niliimaliza.