Tani Nane Kwenye Kinyungu

Marehemu baba alichimba bwawa lake la samaki kwa madebe sita ya komoni. Ilikuwa mwaka 1986, Kilolo, mwezi wa nane, asubuhi baridi ikiuma masikio. Mama alipika pombe wiki nzima, na baba akapita nyumba kwa nyumba kuita mgowe, kazi ya pamoja ya majirani. Siku ilipofika walikuja wanaume kama thelathini na majembe yao. Wanawake walibeba udongo kwa mabeseni, sisi watoto tukazungusha vikombe. Jua lilipozama, shimo pale kinyunguni, bustani yetu ya bondeni, lilikuwa linamfika mtu mzima kifuani. Hakuna aliyelipwa hata senti. Deni la baba lilikuwa kwenda na jembe lake siku atakapoitwa, naye alikwenda, hata mwaka aliougua mgongo.

Shamba liliponiangukia mimi, mgowe ulikuwa umeanza kukonda. Vijana walikuwa Makambako, Mafinga, Dar es Salaam, na waliobaki walitaka kibarua chenye pesa mkononi. Siwalaumu. Mwaka 2008 nikanunua kijiko kidogo cha kupachika nyuma ya trekta, pale unapofunga plau. Kwa mtaro wa bomba wa kina cha mita moja kilikuwa hodari: kazi ya wiki tuliimaliza kwa siku. Lakini kila kilipogonga jiwe, kishindo chote kilirudi kwenye kasha la giaboksi. Msimu wa tatu nikaona oili inachuruzika chini ya kiti. Fundi alifuta uchafu kwa tambara, akanionyesha ufa mwembamba kama unywele.

"Kaka, hili ni trekta la kulima," aliniambia. "Wewe umeligeuza sururu."

Ningeweza kuishia hapo kama isingekuwa parachichi. Kwa nafasi ya mita 7 kwa 7, ekari moja inachukua miche 80 hivi, na kila mche unataka shimo la sentimita 60 kila upande. Mimi nilikuwa nimetenga ekari 4. Piga hesabu: mashimo zaidi ya 320, na juu ya hayo bwawa la kumwagilia kiangazi.

Wazo langu la kwanza lilikuwa kijiko cha minyororo, kile cha wajenzi wa barabara. Fundi akanicheka. Kikifika kwako, alisema, kitakaa. Kila kikitaka kutoka utakodi lobedi, lori la kubebea mashine. Akanishauri mashine ya matairi, yenye koleo mbele la kuzoa samadi na mchanga, na kijiko nyuma cha kuchimbia. Hiyo huiendesha barabarani mwenyewe, leo kwako, kesho kijiji cha pili. Kwetu mashine hizo zote huitwa JCB, awe ameziunda nani, kama dawa yoyote ya meno inavyoitwa Colgate. Herufi hizo ni za Joseph Cyril Bamford, Mwingereza aliyeanzisha kampuni yake mwaka 1945, na mwaka 1953 akaweka koleo na kijiko kwenye trekta moja.

Mwaka 2014 nilishuka Dar es Salaam peke yangu kutafuta iliyotumika. Nilizunguka yadi siku mbili na kurudi na picha za mashine moja ya njano iliyong'aa kama imetoka kiwandani jana. Fundi aliitazama picha, akauliza: "Umenunua rangi?" Sikuwa nimelipa bado. Nauli ya safari ya pili nikalipia watu wawili.

Safari hiyo ndiyo iliyonifundisha kutazama. Fundi hakugusa boneti. Alimwomba opereta akite meno ya kijiko ardhini kidogo, kisha asukume mkono kushoto na kulia, taratibu. Yeye akachuchumaa kando akitazama viungo. "Pini zinacheza," alisema. Kwenye kiungo ule mchezo ni wa milimita chache tu, lakini ukijumlisha viungo vyote, kule kwenye meno unakuwa upana wa kiganja. Mtaro ulionyooka hutaupata. Mita ilidai saa 4,000, lakini raba za pedali zilikuwa zimeisha, chuma kitupu. Alifungua kifuniko cha oili injini ikinguruma. Moshi ukatoka ukipuliza kama birika. Chini ya mkono, rangi mpya ilikuwa imepita juu ya grisi iliyoganda. Mwenye yadi akaanza kutueleza habari za punguzo. Tukamshukuru, tukaenda yadi nyingine.

Kutoka siku hiyo orodha yangu ilibadilika. Awali niliuliza jambo moja tu: inachimba kina gani? Sasa nilitaka magurudumu yote manne yavute, maana masika yetu hayana utani. Nilitaka kijiko kinachotelezeshwa kwenye reli ya nyuma hadi pembeni, ili niweze kuchimba sambamba na ukuta wa zizi bila kuubomoa. Nilitaka silinda zenye fimbo laini zisizo na michubuko, oili isiyofanana na chai ya maziwa, na mkono usio na makovu ya kuchomelea. Mkono wa kurefuka ulinitamanisha, kwa sababu unakupeleka kutoka kina cha mita 4 na ushee hadi kupita 5. Na injini nilitaka ya zamani, isiyo na kompyuta, ambayo fundi wa Iringa mjini anaweza kuifungua bila kumpigia mtu simu.

Tuliipata mwaka 2015: 3CX yenye injini ya Perkins, tani 8 hivi, rangi imepauka, ngazi imepinda. Pini zilikuwa zimetulia. Siku lobedi ilipoipandisha mlima Kitonga nilikuwa kwenye gari la nyuma, na sidhani kama nilipumua hadi Ilula.

Kijiko chake kilikuwa na upana wa sentimita 60, sawasawa na shimo la parachichi, nikaona kama Mungu ndiye aliyenipimia. Mashimo yakaisha kwa siku nane. Kisha baba mdogo akashuka ndani ya moja, akapitisha mkono ukutani, akaniita. Udongo wetu wa mfinyanzi, ukiwa na unyevu, ulikuwa umesuguliwa na chuma hadi ukawa kama ndani ya chungu. "Mizizi itafika hapa izunguke," alisema. Tena opereta alikuwa amechanganya udongo wa juu na wa chini kwenye lundo moja. Ikabidi nitafute vijana kumi na majembe wakwaruze kuta za shimo moja moja. Bwawa la kumwagilia nalo lilianzia mezani: kibali cha Bodi ya Maji ya Bonde la Rufiji, na kipimo cha mita 60 kutoka kijito.

Halafu ikaja Machi 2017. Bwawa la baba lilikuwa limejaa tope, nami nikataka kulizibua. Opereta alisita, mimi nikasema twende. Mita kumi kabla ya ukingo, kinyungu kikafunguka. Gurudumu la nyuma likashuka hadi ekseli. Akajaribu kujinyanyua kwa koleo la mbele, akajisukuma kwa kijiko cha nyuma. Kila alipokanyaga, tope likameza zaidi. Nikamwambia azime injini, nikakaa kwenye tuta.

Sikumwita mtu. Lakini mlio wa mashine inayohangaika unasikika mbali, na ulipokatika ghafla, watu wakajua. Walikuja wakiwa na majembe, magogo ya mikaratusi na kamba. Walichimba njia mbele ya kila gurudumu, wakalaza magogo, wakaweka mengine chini ya miguu ya pembeni ili mashine ipate pa kukanyaga. Ilikuwa msimu wa ulanzi, pombe ya mianzi. Mtu akaleta dumu, na watoto wangu wakazungusha vikombe. Saa kumi jioni tani 8 zilitoka zikitiririka tope. Na kwa kuwa majembe yalikuwa mkononi, wakamalizia bwawa.

Mzee mmoja aliyelichimba mwaka 1986 alikaa kando yangu akifuta miguu kwa majani. "Kamwene," alinisalimu. "Baba yako alituita kwa komoni. Wewe umetuita kwa matope."

Usiku ule niliandika majina kwenye daftari: watu 23. Kila mmoja analeta dizeli yake, mashine inakwenda kwake siku nzima, silipwi. Mwingine alitaka mtaro wa bomba, mwingine shimo la choo, mwingine msingi wa nyumba ya bintiye. Tangu hapo pini nimezibadilisha mara mbili. Kwenye daftari bado majina saba.